Kidonge cha Minyoo Kinapiga Wapi?

Siku ya dawa shuleni, mwanafunzi hupewa kidonge cha albendazo cha miligramu 400, akakitafuna mbele ya mwalimu, akarudi darasani. Minyoo iliyo tumboni mwake haifi papo hapo. Hufa njaa taratibu, kwa siku kadhaa, na chanzo cha njaa hiyo ni mirija ambayo hadubini ya maabara ya shule haiwezi kuionyesha.

Mirija hiyo ni mikrotubuli. Imo katika seli za hamira, za mnyoo na zetu sisi. Kila mmoja una uwazi katikati kama bua la jani la mpapai, ila upana wake ni nanomita 25 tu. Hujengwa kwa protini iitwayo tubulini, alfa na beta zikiwa zimeshikana mbili mbili. Ajabu yake kubwa ni kwamba haitulii. Mwaka 1984, Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha huko Marekani kwamba mrija mmoja unaweza kuporomoka ghafla huku wa jirani ukizidi kurefuka. Seli inapojigawa, hutegemea kujenga na kubomoa huko ili kuzishika kromosomu na kuzigawanya sawasawa.

Albendazo hunasa tubulini beta ya mnyoo, vipande vikashindwa kuungana. Seli za utumbo wa mnyoo hupoteza mirija yake na kushindwa kufyonza glukosi. Tubulini ya mtoto inafanana sana na hiyo, lakini dawa haiishiki kwa nguvu ileile. Usalama wa mtoto umesimama hasa juu ya tofauti hiyo ndogo.

Kwenye saratani tofauti hiyo haipo. Vinkristini, dawa itokayo kwenye mmea wa maua wenye asili ya Madagaska, imetumika Uganda kutibu limfoma ya Burkitt. Huzuia mirija ya seli za uvimbe, lakini neva nazo husafirisha mizigo yake juu ya mirija hiyohiyo, ndiyo maana wagonjwa wengine hupata ganzi vidoleni.

Hata kwa minyoo, tofauti hiyo si ya kudumu. Asidi amino ya 200 ya tubulini beta ikibadilika kutoka fenilalanini kuwa tirosini, dawa hukosa pa kushika. Minyoo ya kondoo na mbuzi imeshafika huko katika nchi nyingi. Kwa hiyo, panapogawiwa vidonge, naona ni lazima pia vinasaba vya mayai ya minyoo katika choo cha wanafunzi vipimwe mara kwa mara, tangu sasa ambapo kidonge bado kinafanya kazi.