Mitoo: Majani ni Chakula, Mbegu ni Sumu

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet humea mboga ambayo Wakipsigis huiita kipkururiet. Wajaluo huiita mitoo, na Waluhya miro. Mmea huu ni wa jamii ya kunde. Maua yake ni ya manjano, na maganda yake hufura kama vibofu. Yakikauka, mbegu hulia ndani yake kama kayamba.

Aina ziliwazo ni mbili. Moja ina majani membamba yenye uchungu. Ya pili uchungu wake ni kidogo. Majani huchumwa yakiwa machanga, kabla ya mmea kutoa maua. Hupikwa, kisha hutiwa maziwa ili kupunguza ukali.

Faida yake haikomi chunguni. Mizizi yake ina vifundo vidogo vyenye bakteria wavutao naitrojeni kutoka hewani, na mmea ukiozea udongoni, ardhi hupata nguvu. Ndiyo maana huko Tanzania wakulima huupanda mmea wa jamaa hii, wakiuita marejea, ili kurudisha rutuba ya shamba.

Lakini hapana budi kutahadhari. Watoto waonapo maganda haya huweza kudhani kuwa ni njegere. Huko Amerika ya Kaskazini kuna mmea wa mwitu wa jamii ya kunde ambao maganda yake mabichi huliwa. Maganda ya mitoo sivyo. Mbegu zake zina sumu, na kazi ya sumu hiyo haionekani kwa siku moja, bali huharibu ini pole pole. Katika miaka ya 1970, wilayani Sarguja nchini India, watu walivimba matumbo na wengi wakafa, kwa kuwa walikula nafaka ndogo mfano wa ulezi iliyochanganyika na mbegu za mmea wa jamaa ya mitoo.

Kwa hiyo, mitoo iachwayo kwa mbegu na ipandwe mbali na ulezi. Nafaka na ichaguliwe vema kabla ya kusagwa, na mbegu za mitoo ziwekwe mahali wasipofika watoto wala kuku. Afuataye haya atakula mboga yake kwa amani, na shamba lake halitakosa rutuba.