Pointi za Dukani: Nyongeza au Chambo?

Sikukuu inapokaribia, iwe ni Idi au ni mapumziko ya Desemba, sisi watu wa Pwani tunaofanya kazi huku Nyeri hushikwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: zawadi na nauli. Mtu hawezi kushuka Mombasa, Malindi au Lamu mikono mitupu, na watoto wanaosubiri mkono wa Idi hawataki kusikia habari za safari ya kilomita zaidi ya 600. Wakubwa nao wana matarajio yao. Shangazi anataka majani ya chai ya mlimani, mjomba ameagiza sweta ingawa haijulikani ataivaa wapi kwa joto la Kisauni, na mama hakuagiza kitu, jambo ambalo kila mtoto mwenye adabu anajua maana yake.

Siku hizi limezuka jambo la tatu, nalo ni pointi. Ukifika kulipa katika supamaketi za Nyeri, Nanyuki, Embu au Meru, karani wa fedha hukuuliza kwanza, "Una kadi?" Ukiwa nayo, kila shilingi uliyotumia huandikwa mahali fulani, na hesabu hiyo ikikua hugeuka kuwa kitu cha kutumia. Huenda ikawa mfuko wa sukari. Huenda pia, kwa mwenye subira, ikawa nauli ya kwenda kwao. Ni hili la nauli ninalotaka kulizungumza leo na wasomaji, kwa kuwa nimewasikia wengi wakilisifu na wengi wakililaani, na ni wachache niliowaona wakilipigia hesabu.

Nyongeza si jambo geni kwetu. Mwenye duka wa zamani, akishakupimia kibaba cha mchele, alitia konzi moja juu yake, na mtoto aliyetumwa dukani alirudi na peremende mdomoni. Hata huku mlimani mambo ni yayo hayo. Nenda soko la Karatina, lile soko kubwa linalojulikana Kenya nzima, ununue ndoo ya viazi: mama muuzaji akishaijaza ataongeza viwili vitatu juu, na usipopewa utadai. Tofauti ni kwamba nyongeza ya Karatina unaiona kwa macho na kuondoka nayo. Pointi ni nyongeza ya ahadi. Imo katika daftari la muuzaji, na kalamu anaishika yeye.

Asili yake ni ya mbali. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, mafundi maskini walifungua duka la ushirika, na faida ikipatikana waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1896, kampuni moja iliwauzia wenye maduka stampu za kijani. Mnunuzi akizikusanya alizibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Kisha tarehe 1 Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri na kuwalipa kwa tiketi. Mwaka 1987 likaungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo, hata ikawa mtu anayenunua viatu na midoli ya watoto anajikusanyia maili bila ya kuinua mguu kutoka ardhini. Tangu hapo msimu wa zawadi umekuwa ndio msimu wa mavuno kwa wapenda maili wa nchi hiyo.

Kwetu Kenya mambo yalikuja kwa njia ya simu. Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha pointi za Bonga, pointi moja kwa kila shilingi 10 za maongezi. Supamaketi nazo zilikuwa na kadi zao, Kenya Airways ikawa na mpango wake wa abiria uitwao Asante, na benki zikatoa kadi za mkopo zenye pointi. Mwaka 2020, shida ya Korona ilipobana, Safaricom iliruhusu pointi za Bonga zitumike kulipia bidhaa madukani kwa Lipa na M-Pesa, kila pointi ikihesabiwa kuwa senti 30.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tangu Januari 2024 nauli ya gari la moshi la Madaraka kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, iliwekwa shilingi 1,500. Kwa kipimo kile cha senti 30, tiketi moja ni sawa na pointi 5,000. Na pointi 5,000, kwa pointi moja kila shilingi 10, ni shilingi 50,000 za maongezi. Msomaji asishtuke. Hakuna mwenye akili timamu atakayezungumza na simu kwa shilingi 50,000 ili aokoe nauli ya 1,500. Lakini yuko mtu ambaye angezungumza vyovyote vile, kwa sababu ya biashara yake au kwa sababu mkewe yuko Kilifi na yeye yuko Othaya. Mtu huyo katika miaka kadhaa amekwisha kuyatumia maelfu hayo, na thamani ya tiketi imelala ndani ya simu yake bila ya yeye kujua. Huyo ndiye ninayemwambia: angalia, kisha itumie.

Kanuni yote ya pointi imo katika mfano huo. Anayezipata ni yule ambaye angenunua hata kama zisingekuwapo. Anayenunua ili azipate amekula chambo.

Watu wa mlimani wana neno lao la kulinganisha, nalo ni bonasi. Mkulima wa chai wa Nyeri, Murang'a au Kirinyaga hupeleka majani kiwandani mwaka mzima na kulipwa kiasi kila mwezi. Hesabu za mwaka zikishafungwa, hulipwa bonasi, mara nyingi mwezi wa Oktoba. Fedha hizo ndizo zinazowalipia watoto karo na kuzitia maduka uhai kabla ya Desemba. Nilimsikia mkulima mmoja wa upande wa Tetu akimjibu kijana aliyekuwa akimshawishi kuchukua kadi: "Bonasi yangu nimeichuma kwa vidole. Hii yako nitaichuma kwa kutumia pesa?" Watu walicheka, lakini mzee alikuwa amesema kweli tupu. Bonasi ni jasho linalorudi. Pointi ni sehemu ndogo ya fedha yako mwenyewe inayorudi, tena ikiwa muuzaji ataendelea kuwapo.

Maana kuwapo kwake si jambo la kuhakikishwa. Nakumatt ilikuwa supamaketi iliyotamba kote nchini, pamoja na Nanyuki, na kadi yake ilikuwamo katika pochi nyingi. Madeni yakaizidi. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Wenye mali iliyouzwa kwa mkopo walilia, na mwenye pointi za kusubiri sikukuu hakuwa na mlango wa kubisha. Safaricom nayo mwaka 2022 ilitangaza kwamba pointi zilizopita miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Watu walipiga kelele na kampuni ikausimamisha mpango huo, lakini funzo lilibaki: kilicho katika daftari la mwenzio si akiba. Akiba ni kile ulichokiweka mwenyewe.

Sasa niingie katika jambo linalotugusa zaidi sisi Waislamu. Kadi ya supamaketi na pointi za simu ni jambo moja. Kadi ya mkopo ya benki ni jambo jingine. Kadi hii hukulipia sasa, nawe unamlipa mwenye benki baadaye. Ukimaliza deni lote kabla ya siku iliyowekwa, hulipi zaidi. Ukichelewa, riba huanza kukimbia.

Tuseme mwalimu mmoja wa hapa mjini ananunua zawadi za nyumbani za shilingi 40,000 kwa kadi ya mkopo, kwa kuwa ameambiwa Desemba pointi ni nyingi. Tuseme anapata pointi zenye thamani ya shilingi 400, yaani moja kwa mia. Januari inafika na karo zake, hawezi kulipa kwa mkupuo, basi anaamua kulipa kwa sehemu sita sawasawa za kila mwezi, na riba ni tatu kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mpaka anamaliza, atakuwa amelipa riba ya shilingi 4,200. Amepewa 400 kwa mkono wa kulia, amenyang'anywa 4,200 kwa mkono wa kushoto, na bado atawasimulia watu kwamba alisafiri kwa pointi.

Haya ni ya mfukoni tu. Ya dini ni mazito zaidi. Mwaka 2000, katika kikao chake cha Riyadh, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba kadi ya mkopo isiyokuwa na fedha za mwenyewe nyuma yake haijuzu ikiwa mkataba wake umeweka sharti la riba, hata kama mwenye kadi ananuia kulipa kabla ya muda. Kadi inayokata fedha zako mwenyewe zilizomo benki, ambayo haina riba, haikukatazwa.

Baada ya sala ya Ijumaa hapa Nyeri nilimuuliza mzee mmoja mwenye elimu, ambaye watu wengi humwendea kwa mambo ya biashara, kama pointi zenyewe zina ubaya. Alinitazama akatabasamu. "Mwanangu," alisema, "muuzaji akikupunguzia bei au akikutunuku, hiyo ni ihsani yake, mimi sioni ubaya. Tazama mlango ulioingilia. Ukiingia kwa mlango wa deni la riba, usiniulize tena habari ya zawadi iliyo ndani ya nyumba." Nilimtajia habari ya watu wanaotamani kukusanya maili mpaka wapate tiketi ya Umra. Akasema, "Safari hiyo ndiyo ya kwanza kutazamiwa ilikotoka nauli yake." Hayo ni maneno yake, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Basi mwenye kutaka faida ya halali katika manunuzi ya sikukuu afanyeje? Haya ndiyo niliyoyaona yakiwafaa watu huku.

Kwanza, andika orodha ya zawadi na kiasi cha fedha ukiwa nyumbani, kabla hujaona tangazo lolote. Kilichomo katika orodha ndicho kinachostahili pointi.

Pili, linganisha bei. Tuseme mablanketi na masweta ya shilingi 10,000 ya supamaketi yanakupa pointi za shilingi 100. Ikiwa mchuuzi wa Karatina anakuuzia mali ile ile kwa 9,300, pointi zake ni shilingi 700 na unaondoka nazo papo hapo. Soko halina kadi, lakini lina mdomo wa kupatana bei.

Tatu, jamaa wa nyumba moja watumie nambari moja ya simu au kadi moja kwa duka moja. Pointi 300 kwa baba, 200 kwa mama na 150 kwa kijana hazimfikishi mtu popote. Zikiwa pamoja zina maana.

Nne, lipa kwa fedha taslimu, kwa M-Pesa au kwa kadi inayokata fedha zako mwenyewe. Na unapojaza fomu ya kadi ya duka, kumbuka kwamba unawapa pia habari zako: jina, simu na kila unachokula. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza habari hizo zinatumiwaje. Uliza bila ya haya.

Tano, tumia pointi mapema. Uliza thamani yake siku hiyo hiyo, maana kipimo hubadilika. Kama duka halilipi nauli kwa pointi, chukua unga, mafuta na sabuni kwa pointi hizo, na zile fedha ulizokuwa umeziwekea unga ziwe ndizo nauli. Ni njia fupi ya kugeuza pointi za supamaketi kuwa safari, na haihitaji ndege wala benki.

Sita, kata tiketi mapema. Desemba gari la moshi hujaa, na matatu kutoka Nyeri hadi Nairobi hupandisha nauli kadiri sikukuu inavyokaribia. Aliyechelewa kwa siku chache huweza kupoteza faida yote ya pointi za mwaka mzima.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na sina ugomvi na maneno yao. Ila kabla ya kujaza, mtu atazame kama kibaba ni chake, na kama hakina tundu. Mama aliyeko nyumbani Pwani hatauliza mwanawe amekuja kwa pointi ngapi. Atafurahi akimwona mlangoni na furushi dogo la majani ya chai, na atafurahi zaidi Januari ikipita bila ya mwanawe kupigiwa simu na mdai.