Hewa Chafu ya Biashara Yako Imo Kwenye Simu

Ukisikia "sifuri ya kaboni" unaweza kudhani ni mambo ya viwanda vikubwa. Maana yake ni rahisi tu: biashara ipunguze hewa ya kaboni inayotoa hadi karibu iishe, na kile kidogo kinachobaki kiondolewe hewani, kwa mfano kwa miti. Kazi ni kujua uanzie wapi.

Sisi tunasema anza na stetimenti ya simu. Kama unalipia mafuta kwa simu, tayari unaweka daftari la hewa chafu bila kujua. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi, petroli kilo 2.3. (Ndiyo, hewa inazidi mafuta kwa uzito, kwa sababu kaboni hujiunga na oksijeni.)

Tuseme una posho mill inayokunywa lita 10 za dizeli kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni lita 260, yaani kilo 700 hivi za hewa chafu. Mill hiyo hiyo ikisagia stima, hesabu inashuka sana, maana karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Lakini usiuze injini ya dizeli bado. Stima ikipotea siku ya soko, wateja hawatakungoja.

Ili hesabu ikae sawa, lipa mafuta kwa namba ya biashara, usichanganye na pesa za nyumbani. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14, kwa hivyo pakua stetimenti ya kuanzia tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Gawanya jumla ya pesa kwa bei ya lita uliyolipa, utapata lita zako. Makaa ya pesa taslimu hayataonekana hapo, yaandike kando.

Halafu kuna sola ya kulipa pole pole. Ni nzuri, ila zidisha malipo ya kila siku kwa siku zote za mkataba, uongeze deposit, kisha ulinganishe na pesa ya dizeli utakayookoa muda huo. Kama deni linazidi sana, ngoja kwanza, au uanze na taa na friji peke yake.