Paramediki Siyo Dereva Tu

Mwaka juzi, jioni moja, pikapu iliigonga bodaboda mbele ya kituo cha daladala karibu na ninapoishi. Dereva wa pikipiki, kijana wa rika langu, alirushwa hadi mtaroni. Tulimkimbilia kama watu kumi hivi. Mmoja alimvua helmeti kwa kuivuta, wawili wakashika mikono, mimi nikashika miguu, tukamkunja ndani ya bajaji kama gunia la mkaa. "Wahi, wahi!" Huo ndio msaada tulioujua.

Hospitali daktari akauliza: "Nani alimbeba, na alimbebaje?" Kimya. Yule kijana leo anatumia kiti cha magurudumu. Labda mgongo ulivunjika palepale alipoanguka, labda ni sisi tuliommalizia. Hakuna atakayejua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo tuongee kuhusu paramediki. Nikitembelea shule nikauliza nani anataka kuwa daktari, mikono inajaa. Nikiuliza kuhusu paramediki, naambiwa, "Aa, yule dereva wa ambulansi!" Siyo hivyo. Huyu ni mtu aliyesomea kumtibu mgonjwa palepale alipoangukia, na kuendelea kumtibu njiani mpaka amkabidhi hospitali.

Hebu mrudishe paramediki pale mtaroni. Kitu cha kwanza, hakimbilii majeruhi! Anasimama, anaangalia: magari yanapita? Petroli imemwagika? Kuna waya wa umeme? Maana akigongwa na yeye, wanakuwa majeruhi wawili na msaidizi hakuna. Halafu anavaa glavu, kwa sababu damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mwenzake anashika kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili kisiyumbe. Damu inayoruka inabanwa kwanza. Kisha njia ya hewa: kuna damu au meno mdomoni? Ulimi umerudi nyuma? Kisha pumzi, kisha mapigo ya moyo. Mpangilio huo una sababu yake. Ubongo ukikosa hewa unaanza kufa ndani ya dakika chache, wakati mguu uliovunjika unaweza kusubiri. Na mara nyingi ni ule mguu unaotufanya sote tupige kelele.

Watu wanadhani kazi hii imetoka kwa madaktari wakubwa. Kumbe nchini Marekani baadhi ya waanzilishi wake walikuwa vijana wasio na kazi. Katika mji wa Pittsburgh, miaka ya 1960, ukianguka mtaani ulibebwa na gari la polisi. Walikutupa nyuma, wakakaa mbele, wakaendesha. Mwaka 1967 Dakta Peter Safar, mmoja wa waliobuni njia ya kufufua moyo na pumzi tunayoitumia mpaka leo, alishirikiana na Freedom House, shirika lililowasaidia Wamarekani Weusi kupata kazi. Mwaka mmoja nyuma binti yake mwenyewe alikuwa amefariki kwa pumu. Walichukua vijana Weusi wa mtaa wa Hill District, wengine hawakuwa hata wamemaliza sekondari, wakawafundisha saa zipatazo 300: mwili unavyofanya kazi, kufufua moyo, kuendesha gari kwa usalama, na mazoezi wodini. Vijana ambao watu waliwaita wasiofaa wakawa wanaokoa watu kuliko polisi wa mji mzima.

Mwaka 1975 halmashauri ya mji ikaanzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa. Wengi wa vijana wale walisukumwa pembeni kidogo kidogo. Mimi hilo linaniuma kila nikilisoma. Lakini daktari wao wa mwisho, mwanamama Nancy Caroline, aliandika kitabu cha kufundishia maparamediki kilichotumika nchi nyingi, na miaka ya 1980 alikuja Nairobi kufanya kazi na madaktari wa ndege wa AMREF. Dunia ndogo, siyo?

Sasa mafunzo. Ngazi ya kwanza ni fundi wa huduma za dharura: miezi kadhaa ya kujifunza kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kufunga mifupa, kuzalisha mama ndani ya gari. Paramediki kamili husoma zaidi, mara nyingi mwaka mmoja mpaka miwili au hata zaidi. Huyu huweka dripu, hutoa dawa, husoma mchoro wa moyo na kuingiza mpira wa kupumulia kooni. Darasani ni nusu tu ya safari. Nusu nyingine ni chumba cha dharura, leba, na zamu za usiku ndani ya gari. Kenya, St John na Msalaba Mwekundu ni miongoni mwa wanaofundisha. Kabla hujalipa ada popote, uliza maswali mawili: cheti kinatambuliwa na nani, na mazoezi ya vitendo ni hospitali gani? Wakibabaika, ondoka.

Niseme ukweli: kwetu Tanzania kazi hizi bado chache, na magari mengi ya wagonjwa hubeba nesi na dereva tu. Kuna hatua lakini. Kwa mjamzito au kichanga mwenye dharura, namba 115 ya mpango wa m-mama ni bure, na pasipo na ambulansi wanatumwa madereva wa kijijini waliosajiliwa.

Na kwa yule wa mtaroni? Msaada unapokuwa njiani, mwache alale alivyo, isipokuwa kuna moto au gari zinakuja. Mmoja ashike kichwa. Panapovuja damu, bana kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunguafungua kuchungulia. Huna glavu? Vaa nailoni mkononi. Hapumui kabisa? Mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ikibidi kumbeba, tafuteni ubao au mlango, mnyanyue pamoja, mgongo na shingo vikiwa mstari mmoja. Na helmeti, kama haimzuii kupumua, iacheni kichwani.