Lori Dogo na Mtu Aliyeshika Usukani

Iko kazi moja ya mikono ambayo hapa Visiwani huchekwa kabla haijaelezwa. Ni kazi ya kuunda malori madogo ya kijeshi pamoja na madereva na utingo wao, na kuyapanga juu ya ubao wenye udongo, miti na matope yake, hata ubao ule ukawa kama kipande cha nchi kilichopunguzwa ukubwa. Ubao wa namna hiyo huitwa diorama. Neno hili lilianza Paris mwaka 1822, Louis Daguerre alipofungua jumba la picha kubwa zilizobadilika kwa mwanga. Baadaye likashuka mpaka kwenye meza ya fundi mwenye kisu na gundi.

Mtu mzima kuchezea vigari, husema watu. Sisi twawaomba wasiharakishe kucheka.

Kipimo kinachotumiwa sana kwa magari ya kijeshi ni moja kwa thelathini na tano, yaani sentimita 1 ya mezani husimama badala ya sentimita 35 za kweli. Kipimo hiki hakikuamriwa na majenerali. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ambayo asili yake ni biashara ya mbao, ilipotengeneza kifaru cha Kijerumani cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihitaji nafasi ya kutia mota na betri ndani yake. Ukubwa uliopatikana ndio uliokuja kuwa desturi ya dunia. Kwa hesabu hiyo, mtu wa sentimita 175 hubakia sentimita 5, na lori refu la GMC la Marekani, lenye kiasi cha mita 6 na nusu, hubakia kama sentimita 18 na nusu.

Kazi huanza na chasisi, nayo haina msamaha. Chasisi iliyopinda kwa unene wa karatasi chache tu huliacha gurudumu moja hewani, na lori la magurudumu kumi lisilokanyaga chini kwa yote kumi halimsadikishi mtu. Turubai hufanywa kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa katika gundi nyeupe na maji, ikaachwa ilale yenyewe juu ya vyuma vyake. Kamba husokotwa kwa nyuzi za shaba zilizotolewa katika waya mbovu wa umeme. Vumbi ni chaki iliyosagwa. Hata rangi haipakwi kama ilivyo katika kopo: kitu kilicho mbali na macho hupauka, kwa hiyo kijani cha gari dogo sharti kitiwe weupe kidogo, la sivyo gari litaonekana zito kama kipande cha makaa.

Lakini ustadi ulio mkubwa kuliko wote ni kujua gari limechakaa wapi. Rangi huchubuka pale mguu unapokanyaga kila siku kupanda, na pale mkono unaposhika mlango. Fundi hawezi kuitia michubuko hiyo mahali pake bila ya kujiuliza mguu ule ulikuwa wa nani.

Tuchukue mfano wa Ufaransa mwaka 1944. Reli zilikuwa zimevunjwa kwa mabomu ya Washirika wenyewe, na majeshi yaliyotoka Normandy yakakimbia mbele kuliko shehena zao. Tarehe 25 Agosti ikaanzishwa safari ya malori iliyoitwa Red Ball Express. Barabara za kwenda zikatengwa na za kurudi, raia wakazuiwa kuzitumia, na duara jekundu likawaongoza madereva usiku na mchana. Mpaka ilipofungwa tarehe 16 Novemba, zaidi ya tani 400,000 za petroli, risasi na chakula zilikuwa zimepelekwa, na katika siku za shughuli kubwa malori yalikaribia 6,000. Kiasi cha robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, watumishi wa jeshi lililowatenga kwa rangi yao na mara nyingi kuwanyima nafasi katika mstari wa mbele.

Basi fundi asiye na habari hizo hulijenga lori la Red Ball sawasawa mpaka msumari wa mwisho, kisha humpandisha dereva mweupe aliyemkuta sandukuni, kwani sanamu zinazouzwa na malori hayo mara nyingi zina sura za Kizungu. Kila skrubu ni ya kweli, na habari yenyewe ni ya uongo. Wala haitoshi kuupaka uso ule rangi nyeusi. Ngozi ya mtu mweusi haina weusi wa lami. Fundi mwenye macho huanza na kahawia iliyoiva, huongeza wekundu mashavuni na midomoni, hutafuta mahali jua linapong'aa juu ya paji la uso, na pua na taya huzichonga upya kwa puti.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Majeshi yaliyoondoka Kenya kupigana na Waitaliano, ndani yake wamo Waafrika Mashariki, watu wa Nijeria, wa Gold Coast na wa Afrika Kusini, yaliingia Mogadishu tarehe 25 Februari 1941 na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, siku 40 baadaye. Mwendo ule haukuwa wa miguu. Ulikuwa wa malori. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ikashuka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika ya kule, barabara imegeuka uji, mpaka ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama wa pembe, wala si kile cha minyororo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Twajiuliza ni vijana wangapi katika skuli zetu wanaojua kwamba lugha hii ilitumika kukwamua magari katika matope ya Burma.

Ipo Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vya kwanza. Askari amesimama na bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, sura hawana. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba kuunda malori haya ni kusifu vita vya wakoloni. Mwenye kumpa sura mchukuzi wa gunia hasifu vita, anasahihisha hesabu.

Ama kuhusu sanamu, wapo watakaouliza dini yasemaje. Fatwa ni ya masheikh, nasi hatuwatangulii, ingawa kila aliyepita chuoni amesikia habari ya farasi mwenye mbawa miongoni mwa vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha. Anayeona uzito aweza kuunda lori lililokwama, mlango wazi, na kofia ya dereva juu ya kiti. Habari itafahamika.

Kwa maofisa wetu wa mambo ya kale tuna neno. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, ulikwisha kutoweka baharini, na mwenye kutaka kuujua alibakiwa na picha, maandishi na vijimfano vya makumbusho. Mwaka 2003 ukajengwa tena hapa Unguja na kuwekwa Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ikaanguka. Vitu vikubwa navyo havina dhamana.

Hatuombi masanduku ya plastiki ya bei kubwa kutoka ng'ambo. Watoto wetu huunda magari kwa makopo na waya bila ya kufundishwa na mtu. Wakipewa rula, michoro yenye vipimo na mwalimu mvumilivu, wataunda kwa kadibodi na bati lori la Kikanada la vita vile: pua fupi, kioo cha mbele kilichoinamia nje upande wa juu, usukani kulia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 leo amepita 100, na wengi wao hatunao. Watoto wao wapo, nao ni wazee, na katika makabati yao huenda mna picha, medali na karatasi za kuachishwa jeshi. Waulizwe mwaka huu. Kisha jumba la makumbusho litenge ubao wa nusu mita kwa nusu mita: lori moja katika matope, dereva mmoja, utingo mmoja na beleshi lake, na maelezo ya Kiswahili pembeni.