Programu isiyosomeka ni deni kwa atakayeirithi

MWANAFUNZI anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hufurahi pale mashine inapotii maagizo yake na kutoa jibu sahihi. Kwa wengi, safari huishia hapo. Kazi hukabidhiwa kwa mwalimu, alama hutolewa na faili husahauliwa.

Katika benki, hospitali na ofisi za serikali mambo ni tofauti. Programu huandikwa mara moja, lakini husomwa na kurekebishwa kwa miaka mingi na watu ambao hawakuiandika. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani msaada wa watu wanaoifahamu COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Mifumo ya zamani ya jimbo hilo ilikuwa imeelemewa na maombi ya mafao ya waliopoteza ajira. Tukio hilo lilikumbusha kwamba programu huweza kudumu kuliko utumishi wa walioiandika.

Ndiyo maana walimu wa fani hiyo husisitiza kwamba programu ina wasomaji wawili, mashine na binadamu. Mwaka 1984 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza programu itungwe kama maandishi ya kumweleza binadamu kile ambacho kompyuta inatakiwa kufanya.

Hatua ya kwanza ni majina. Mwanafunzi anayehesabu ada za shule akiliita salio "x", baada ya mwezi mmoja yeye mwenyewe hatakumbuka lilikuwa nini. Akiliita "salio_la_ada", jina lenyewe linajieleza.

Hatua ya pili ni kuepuka tarakimu zisizo na jina. Nchini Kenya, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kisha ikarejeshwa asilimia 16 Januari 2021. Aliyekuwa ameandika 0.16 katika mistari 40 ya programu ya duka alilazimika kuisaka yote mara mbili, tena akihofia kubadili 0.16 nyingine isiyohusu kodi. Aliyeitaja mara moja tu kwa jina "kiwango_cha_kodi" alirekebisha mstari mmoja.

Aidha, mpangilio wa mistari si urembo. Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake baada ya kubainika kuwa mstari mmoja wa programu ulikuwa umerudiwa. Mstari huo wa ziada ulisogezwa ndani kana kwamba unategemea sharti lililoutangulia, kumbe haukulitegemea. Matokeo yake, simu iliruka hatua ya kuhakiki saini ya tovuti, na mawasiliano yaliyodhaniwa kuwa ya siri yakawa katika hatari ya kuingiliwa. Jicho la msomaji liliona jambo moja, mashine ikatenda jingine.

Kuhusu maelezo yanayoandikwa kando ya maagizo, kosa la kawaida la wanafunzi ni kurudia kile kinachoonekana. Kuandika "ongeza moja" kando ya agizo la kuongeza moja hakumsaidii mtu. Maelezo yenye faida hutaja sababu, kwa mfano: "malipo yanayopokelewa baada ya saa 10 jioni huhesabiwa ya kesho, kwa kuwa hesabu za siku zimekwisha kufungwa". Hata hivyo, maelezo yasiyorekebishwa pale programu inapobadilika ni mabaya kuliko kukosa maelezo, kwa sababu humpotosha anayeyaamini.

Vipimo navyo vitajwe. Septemba 23, 1999, shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza, wakati waliozipokea walitarajia vipimo vya metriki. Makubaliano ya maandishi yalitaka metriki, lakini hayakufuatwa. Hivyo waraka uliowekwa mbali hautoshi. Ni vema kipimo kionekane kwenye jina lenyewe, kama "umbali_kwa_km".

Baadhi ya wanafunzi hudai kwamba mambo haya huwachelewesha. Dai hilo lina ukweli siku ya kwanza tu. Muda unaookolewa kwa kuandika ovyo hulipwa baadaye, tena na mtu mwingine.

Mwalimu anaweza kuifanya hasara hiyo ionekane mapema. Awape wanafunzi wabadilishane kazi, kisha kila mmoja aieleze darasani programu ya mwenzake huku mwandishi wake akikaa kimya. Baada ya wiki sita awarudishie kazi zao za zamani na kuwataka waongeze jambo jipya. Darasa zima lifuate pia mwongozo mmoja wa uandishi. Kwa lugha ya Python, mwongozo uitwao PEP 8 umekuwapo tangu 2001. Na sehemu ya alama itolewe kwa usomekaji, kwani mwanafunzi hujali kile kinachopimwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Programu nayo ni mali, na daftari lake huandikwa siku ileile inapotungwa, wakati sababu za kila uamuzi zingali kichwani mwa mwandishi.