Lugha Iendayo Polepole Ndani ya Mchezo Uendao Kasi

Msomaji aliyewahi kucheza mchezo wa kompyuta ametazama, pengine bila kujua, picha zinazobadilishwa aghalabu mara 60 katika kila sekunde. Kwa hiyo mashine ina muda usiotimia milisekunde 17, yaani sehemu 17 za elfu za sekunde, kuitengeneza kila picha: isome vidole vya mchezaji, ipime kama mpira umegonga ukuta, ikokotoe nuru na vivuli, kisha ichore. Ikichelewa, jicho hutambua mara moja. Kazi hizo nzito hufanywa na sehemu ya programu iitwayo injini ya mchezo, nayo huandikwa kwa lugha kama C au C++, ambazo maagizo yake hugeuzwa yote kuwa namba za mashine kabla mchezo haujaanza.

La ajabu ni kwamba ndani ya injini hiyo hiyo mara nyingi huwekwa lugha nyingine ya ngazi ya juu, iliyo rahisi kusomwa na binadamu, lakini ambayo huweza kuwa nzito mara kumi au zaidi kuliko C. Ndiyo inayoamua kwamba mlango ufunguke iwapo mchezaji ana ufunguo, au kwamba mlinzi asinzie usiku ukifika. Nahodha wa jahazi havuti makasia wala hatweki tanga. Hutamka neno, na mabaharia wakalitenda.

Hesabu ndogo itatuonyesha kwa nini mpango huu haudhuru. Skrini nyingi za leo zina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Tuseme lugha hiyo nzito inatumia mikrosekunde moja, sehemu moja ya milioni ya sekunde, kuamua rangi ya kila nukta. Picha moja itachukua zaidi ya sekunde mbili, na mchezo hautachezeka. Sasa tuseme lugha ile ile inaulizwa tu wafanye nini askari 200 walioko uwanjani, nayo inatumia mikrosekunde 10 kwa kila askari. Jumla ni mikrosekunde 2,000, ambazo ni milisekunde 2 tu. Nukta ni nyingi mno na kila moja yataka kazi ile ile. Askari ni wachache, lakini mambo ya kuwaamulia hubadilika kila siku mtunzi anapoitengeneza hadithi yake upya.

Na hapo ndipo ilipo faida. Ukibadili mstari mmoja wa injini kubwa, kuigeuza tena kuwa namba za mashine kwaweza kuchukua dakika nyingi. Maandishi ya lugha ya juu husomwa na programu ndogo iitwayo mfasiri, hata wakati mchezo unaendelea, na mtunzi huona matokeo papo hapo. Tena kosa la C huweza kuuangusha mchezo mzima, ilhali kosa la maandishi haya mfasiri huweza kulikamata na kulitolea taarifa.

Wazo hili lina umri mrefu kuliko wanafunzi wetu. Mwaka 1987 kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani ilitoa mchezo wa Maniac Mansion kwa kompyuta ya Commodore 64, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Ron Gilbert na wenzake walibuni lugha ya pekee, SCUMM, ya kuandikia matendo ya wahusika. Kwa kuwa hadithi ilitengwa na injini, iliweza kuishi kuliko mashine yenyewe: mwaka 2001 ulianza mradi wa kuandika mfasiri mpya, ScummVM, na sasa michezo ile huchezeka hata katika simu.

Lakini kila kampuni ikijibunia lugha yake, kila mtumishi mpya hana budi kuanza kujifunza upya. Lugha iliyowaondolea wengi taabu hiyo haikuzaliwa katika kampuni ya michezo. Ilizaliwa Brazil, kwa shida. Kati ya 1977 na 1992 nchi hiyo iliwekea vizuizi vikali kompyuta na programu za kigeni, kwa nia ya kujitengenezea zake. Kikundi cha Tecgraf, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, kilikuwa kikilihudumia shirika la mafuta la Petrobras, na wateja wake hawakumudu kuagiza programu ng'ambo. Kikajibunia lugha mbili ndogo. Mojawapo, iliyotumika kuandaa taarifa za tabaka za miamba, iliitwa SOL. Na sol kwa Kireno ni jua. Mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes walitunga lugha moja ya kushika nafasi ya zote mbili. Rafiki yao akapendekeza iitwe Lua, yaani mwezi.

Desemba 1996 makala yao ilitokea katika jarida la Marekani, Dr. Dobb's Journal. Bret Mogilefsky wa LucasArts, ndiyo ile Lucasfilm Games kwa jina jipya, akaiweka Lua mahali pa SCUMM katika Grim Fandango, mchezo uliotoka 1998. Hivyo lugha iliyotungwa kwa ajili ya watu wa mafuta ikaja kuwaongoza wafu, kwani hadithi ya mchezo huo hutokea ahera, kwa mapokeo ya Mexico. World of Warcraft ya 2004 nayo iliitumia, na lugha ya Roblox, Luau, ni tawi lake.

Injini na Lua huzungumzaje? Tufikirie rundo la sahani mezani kati ya watu wawili. Injini huweka juu ya rundo kazi inayotakiwa, kisha namba zinazohusika. Lua huziondoa, hufanya kazi, na kuacha jibu pale pale juu. Hakuna anayetia mkono katika kabati la mwenziwe.

Taabu haikukosekana. Lua hufagia yenyewe kumbukumbu isiyohitajiwa tena, na zamani ilifagia yote kwa mkupuo, picha zikasita. Toleo la 5.1, la mwaka 2006, lilianza kufagia kidogo kidogo. Hata hivyo waandishi waangalifu huepuka kutupa taka nyingi katika kila picha.

Lua hutolewa bure, na hukubali hata kompyuta kuukuu ya shule. Wanafunzi na waandike maagizo ya kujumlisha moja mara milioni mia, wapime muda, kisha wakokotoe ni majumlisho mangapi yangetosha katika picha moja. Aliyezoea C asisahau kwamba orodha za Lua huanza kuhesabiwa na moja, wala si sifuri.